Kuteleza na kuanguka: niliyojifunza kwa kuwasimamia waliotoka jela kwa makosa ya kingono

Nianze na mteja wangu bora kuliko wote, maana ndiye aliyenifundisha kazi japo hakukusudia. Huyu bwana alikuwa anaripoti kila Jumanne saa tatu asubuhi na hajawahi kuchelewa hata mara moja, yani mi nikifika ofisini namkuta kwenye benchi, shati limenyooshwa, daftari lake la tiba mkononi, "shikamoo madam", anajibu kila swali, anasaini, anaondoka. Mwezi wa kwanza mpaka wa saba hivohivo. Vikao vya tiba anafika, halewi, kodi analipa, bangili ya mguuni, ile ya kielektroniki inayotuonyesha alipo, haijawahi kulia. Nilikuwa nawaambia wenzangu natamani wote wangekuwa kama huyu. Ijumaa moja nikaandika kwenye faili lake "anaendelea vizuri, hakuna la kuripoti". Jumatatu yake mwalimu wa shule ya msingi akapiga simu polisi, kwa sababu mtoto mmoja alikutwa na simu ambayo mama yake haijui, na alipoulizwa akasema kapewa na anko, rafiki wa mama, na anko kasema iwe siri yao wawili.

Anko ndiye mteja wangu wa Jumanne.

Namshukuru Mungu na namshukuru yule mwalimu kwamba ilikamatwa hapo, mtoto hajaguswa. Ila usiku ule sikulala. Kumbe jamaa alikuwa na uhusiano na yule mama miezi minne nzima, anaenda kwake kila Jumamosi, anasaidia watoto kazi za shule, majirani wanamsifia. Nikalitoa faili nikalipitia karatasi kwa karatasi nikitafuta mahali aliponidanganya. Nilimuuliza kama kahama, akasema hajahama, kweli. Nilimuuliza pombe, akasema hanywi, kweli. Tiba, kazi, kodi, vyote kweli. Hakuna swali hata moja alilonidanganya, na hilo ndilo lililoniuma mpaka leo. Sharti la kutoa taarifa akianza uhusiano na mtu mwenye watoto lilikuwepo, karatasi ya pili, chini kabisa, tulisaini wote wawili siku ya kwanza na hatukuligusa tena. Yeye hakulitaja, na mimi sikuuliza Jumamosi zake anazipeleka wapi.

Nimefanya kazi ya uangalizi wa watu waliomaliza kifungo au waliotolewa kwa masharti kwa miaka 14 sasa, na zaidi ya nusu ya hiyo miaka nimepewa hili kundi ambalo wenzangu wengi hawalitaki. Watu wakisikia kazi yangu wanakunja uso, alafu swali la kwanza ni "mnawaachiaje hao watu?". Mi siwaachii. Mahakama ilitoa miaka kadhaa, miaka imeisha, mtu anatoka, iwe unataka au hutaki. Swali langu ni atatoka aende wapi, aishi na nani, na nani atajua akianza kurudi kule alikotoka.

Mwanzoni nilidhani jibu ni bangili. Zile za GPS. Nilipoanza kazi zilikuwa ndo zinasifiwa, tukapewa semina, tukaonyeshwa ramani kwenye skrini na vidoti vinavyotembea, nikajiona kama rubani. Baada ya miezi mitatu nikajua ukweli wake. Bangili inalia betri ikiisha, inalia mtu akiingia jengo lenye zege nene, inalia akilala vibaya. Nimeamshwa saa nane usiku sijui mara ngapi kwa ajili ya mtu ambaye kalala kwake fofofo, na ukishaamshwa mara arobaini bure, ya arobaini na moja unaitikia kwa uvivu, sisi ni binadamu. Alafu hata ikifanya kazi vizuri kabisa inakuambia mguu uko wapi, basi. Mguu wa mteja wangu wa Jumanne ulikuwa kwenye nyumba ya kawaida mtaa wa kawaida, kidoti cha kijani, hakuna shule wala uwanja wa michezo karibu. Ramani ilifurahi.

Baadaye nilisoma kazi moja ya idara ya magereza ya jimbo la Minnesota kule Marekani, ya mwaka 2007, nikajiona mimi mle ndani. Walichukua kesi 224 za watu waliotoka jela wakarudia makosa ya kingono, wakapitia moja moja wakijiuliza, je ingekuwepo sheria ya kumkataza mtu kuishi karibu na shule au bustani, hii ingezuilika? Hakuna hata moja. Wengi wao walimfikia mwathirika kupitia uhusiano, yani kwa kujuana na mtu mzima mwingine, mama wa mtoto kwa mfano, sio kwa kuvizia getini. Wakati huohuo kuna mji kama Miami ambako masharti ya umbali yalibana mpaka watu wakaishia kupiga kambi chini ya daraja, na ikawa ndo anwani yao inayotambulika, kambi ikaja kuondolewa 2010. Sasa mimi kama ofisa najiuliza, mtu analala chini ya daraja, hana kazi, hana ndugu, hana choo, nimsimamie nini hapo? Nimhesabu tu asubuhi kama mbuzi?

Aliyenitoa kwenye hiyo akili ya kuhesabu ni mzee mmoja tuliyekuwa naye ofisini, kabakiza mwaka mmoja astaafu, hana haraka na kitu. Baada ya tukio la Jumanne alinikuta nalia chooni (ndio, nililia), akanisubiri koridoni, akanipeleka kwenye kiofisi chake akaniuliza, "Mwanangu, unaujua ule msemo kuteleza si kuanguka?" Nikasema naujua. Akasema "haya, kazi yetu yote iko hapo, kati ya kuteleza na kuanguka, ila wewe umekaa chini kabisa unasubiri kishindo."

Akanieleza kwamba hii habari ya kuzuia kurudia haikuanzia kwenye makosa ya kingono, ilianzia kwenye pombe. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani aliitwa Alan Marlatt, alikuwa anashughulika na walevi wanaoacha wanarudi, akaona kwamba mtu harudi kwa mkupuo, kuna mnyororo. Kwanza hali fulani, upweke au hasira au kuchoka, alafu maamuzi madogo ambayo ukiyatazama moja moja hayana kosa lolote, alafu mtu anajikuta sehemu ambayo kuteleza ni rahisi, anateleza, na hapo ndo penye hatari kubwa maana anajiambia "nishaharibu, sasa kuna faida gani kujizuia", anaachia kamba yote. Miaka ya themanini wataalamu wakauchukua mnyororo huo wakauleta kwa watu wa makosa ya kingono. Mzee akanichorea kwenye karatasi, viduara na mishale, tukamchukua mteja wangu wa Jumanne tukaanza kurudi nyuma. Kabla ya simu, siri. Kabla ya siri, kazi za shule. Kabla ya hapo kumzoea mama. Kabla ya hapo, mwezi wa tatu, aliacha kwenda kwa kaka yake Jumamosi kwa sababu waligombana, na hilo la kugombana aliniambia mwenyewe! Nililiandika. Mstari mmoja, "mgogoro mdogo wa kifamilia", nikafunga faili.

Ntasema ukweli kuhusu hiyo mbinu pia, kwa sababu nimekutana na watu wanaiuza kama dawa ya kila kitu. California walijenga programu kubwa juu ya wazo hilohilo, wakaipima vizuri kwa kuwagawa watu kwa bahati nasibu, matokeo ya mwisho yalipotoka 2005 waliopata tiba na wasiopata hawakutofautiana kwa maana. Uingereza nao walikuwa na programu yao ya magerezani wakaiendesha miaka na miaka, mwaka 2017 tathmini ikatoka ikaonyesha waliopitia programu walirudia asilimia 10 na wasiopitia asilimia 8. Mwaka huohuo programu ikafutwa. Nilisoma hiyo nikiwa naongoza grupu kama hilo mimi mwenyewe pamoja na mtaalamu wa saikolojia, nikashika kichwa.

Maana na sisi tulikuwa tunafanya yaleyale. Watu wanakaa duara, kila mmoja anasimulia kosa lake upya, kwa undani, wiki hii na wiki ijayo, asiyekiri anabanwa mpaka akiri, akilia tunaona tumepiga hatua. Kumbe kulia ni kulia. Mkanada mmoja anaitwa Karl Hanson na mwenzake walikusanya tafiti 61 mwaka 1998, na moja ya mambo yaliyowashangaza watu ni kwamba kukana kosa au kutokumuonea huruma mwathirika havikusaidia kutabiri nani atarudia. Vilivyosaidia ni vingine, kama mvuto wenyewe wa kingono kwa watoto, historia ya makosa, tabia ya kuvunjavunja kila sheria, na pia kuacha tiba katikati. Sisemi huruma haina maana, ina maana sana kwa mama wa mtoto. Nasema mimi nilikuwa napima machozi wakati hatari imekaa kiti cha pembeni inasubiri kikao kiishe.

Sasa ofisini kwetu fomu zipo. Kuna ile ya Static-99, maswali kumi, inaangalia yaliyopita, umri, makosa ya nyuma, alimfahamu mwathirika au hakumfahamu, unapata namba. Ni nzuri kukuambia nani umpe muda mwingi zaidi. Ila yaliyopita hayabadiliki, na mimi nakutana na mtu wa leo. Zikaja nyingine za 2007 zinazoangalia yanayobadilika, moja inaangalia mambo ya miezi na nyingine ya siku na wiki, na hii ya siku ndo naipenda kuliko zote kwa sababu inauliza vitu ambavyo hata bibi yako angeuliza. Amepata nafasi ya kuwa karibu na watu anaoweza kuwadhuru? Ana hasira? Mawazo ya ngono yamemtawala? Anakupinga wewe na masharti yako? Kavunjika moyo? Waliokuwa wanamshika mkono wamemuacha? Karudi kwenye pombe au dawa? Basi. Sio roketi.

Kwahiyo siku hizi maswali yangu ni ya kijinga jinga. Umelala saa ngapi. Simu ya mwisho ulimpigia nani. Nani alikuudhi wiki hii. Jumamosi ulikuwa wapi, na Jumapili, na nani alikuwepo, ana watoto? Wapya wanakasirika, wananiambia madam unaniuliza kama mtoto. Nawaambia ndio.

Kuna bwana mwingine, nitamwita Fundi kwa sababu alikuwa na mikono ya dhahabu, alikuwa anatengeneza chochote chenye waya. Huyu alikuwa kinyume cha mtu wa Jumanne, anachelewa, ananung'unika, ananijibu kwa mkato, na kwa muda mrefu nilimuona tatizo. Siku moja kaja hajanyoa, ananuka pombe, na kabla sijamwambia kaa akaanza kunitukana mimi na serikali yote. Mimi wa miaka ya nyuma ningemwandikia barua ya onyo palepale, ikifika ya tatu anarudi ndani. Siku ile nikakumbuka viduara vya mzee. Nikafunga mlango nusu (hatufungi wote, usalama), nikamuuliza tu lini mara ya mwisho alikula na mtu meza moja. Akanyamaza. Alafu akasema wiki tatu. Kumbe kafukuzwa kazi kwa sababu mtu kamtambua, kaka yake kamwambia asikanyage kwake, na amekaa chumbani wiki tatu anaongea na ukuta. Tulikaa saa mbili. Mwishoni, akiwa ameshika kitasa kabisa, akageuka akasema "madam, ile simu ya zamani nimeiwasha".

Masharti yake yalimkataza simu yenye intaneti. Kuiwasha tu ni kuvunja sharti. Hapa ndo nataka watu waelewe ugumu wa hii kazi, kwa sababu kila mtu ana jibu rahisi. Nikimrudisha jela kwa kuniambia, wateja wangu wote wanapata habari ndani ya wiki moja na hakuna hata mmoja atakayeniambia kitu tena maisha yake yote, nitabaki na watu wa Jumanne watupu, mashati yamenyooshwa. Nisipofanya kitu alafu akaumiza mtu, damu ya huyo mtu iko mikononi mwangu, na sitasingizia kanuni. Siku ya kwanza kabisa kila mteja namwambia usinieleze jambo ukitegemea nitalificha, mimi sio padri. Kwahiyo nilimwambia Fundi hili linaenda kwa bosi wangu na kwa mtaalamu wako leo hii, tukiwa wote hapa. Nikapiga simu mbele yake. Simu ya zamani ikaletwa jioni, ikakaguliwa. Alichotafuta kilikuwa kichafu lakini hakikuwa na watoto, na hakuwa amewasiliana na mtu yeyote. Ingekuwa tofauti, angelala rumande usiku uleule na ningeipiga hiyo simu mwenyewe. Tukamuongezea kuripoti mara mbili kwa wiki, tiba ikasogezwa, na tukamtafutia watu.

Hilo la watu lina historia yake. Mwaka 1994 kule Hamilton, Kanada, alitoka jela mtu mwenye makosa mengi dhidi ya watoto, kifungo kimeisha chote kwahiyo hakuna hata masharti ya kumshika, mji umechachamaa, polisi wamekaa nje ya nyumba yake. Mchungaji mmoja wa Kimenoni, Harry Nigh, aliyekuwa anamfahamu tangu zamani, akakusanya waumini wachache wakamzunguka, mmoja anampigia asubuhi, mwingine jioni, wanampeleka madukani, wanambana maswali. Watu walisubiri arudie. Hakurudia. Likazaliwa jambo linaloitwa duara la kumsaidia na kumwajibisha mtu, likaenea, Uingereza wakaanza kulijaribu 2002. Wanachosema ni vitu viwili kwa pamoja, kusiwe na mwathirika mwingine, na hakuna binadamu wa kutupwa. Ukichukua moja ukaacha nyingine haifanyi kazi, nimejaribu.

Sisi tulipata watano wa kujitolea. Nilikuwa na wasiwasi nao kweli, wengine nikawakataa kwenye usaili kwa sababu unaona kabisa kaja na hamu ya kusikia stori chafu, na mwingine kaja kuokoa dunia, huyo ni hatari zaidi maana atadanganywa asubuhi tu. Aliyenishangaza ni mwalimu mstaafu wa kike, mama wa makamo ya kukaribia uzee, hacheki ovyo. Fundi alimuogopa kuliko hakimu. Siku moja mwalimu akanipigia, "Madam, kijana wako analia hana kodi, jana nimekuta kanunua mbwa. Kadogo, keupe. Wa nini?"

Mi nisingeona kitu hapo. Mbwa? Kila mtu ana mbwa. Mwalimu akasema, "nimefundisha watoto miaka thelathini, najua kitu gani kinawaita watoto barabarani."

Tulikaa naye, duara zima na mimi. Fundi akaapa alikuwa mpweke tu, alitaka kitu cha kumpokea akirudi, na mi nikimwangalia niliamini. Mpaka leo naamini, asilimia kama themanini hivi. Ila hayo ndo maamuzi madogo yenyewe, hayana kosa, na mara nyingi mwenyewe hajui anakoelekea, anajiambia ni upweke na ni upweke kweli, na mnyororo unaendelea. Sikuhitaji kujua moyo wake una nini. Nilihitaji asiwe na kambwa keupe. Mmoja wa wale wa kujitolea akasema shangazi yake ana limbwa lizee, limepofuka jicho moja, linabweka kila kitu kinachopita, limekosa wa kulitunza. Wakabadilishana. Hakuna mtoto aliyewahi kulisogelea lile limbwa, mimi mwenyewe nikimtembelea nilikuwa nasimama nje napiga simu alifunge kwanza.

Nimeongea sana habari za wateja na mtu anaweza kudhani hao ndo nawafanyia kazi. Hapana. Kuna mama mmoja, mtoto wake aliumizwa na mtu ambaye baadaye akawa chini yangu. Alinipigia wiki moja kabla jamaa hajatoka. Nilijiandaa kwa matusi, akaongea taratibu kabisa, "nataka kujua tu barabara gani atapita." Sikuwa na jibu. Sisi tulikuwa tumechora eneo la kukatazwa kwenye ramani, duara safi kuzunguka nyumba yao na shule, tumemaliza. Nikamuomba aje. Akachukua kalamu akanionyesha, hapa ndo anachezea mpira, hapa kwa bibi yake anakolala wikiendi, hapa kituo cha basi, hii njia ya mkato ya kwenda kanisani. Duara letu halikugusa hata nusu ya maisha ya yule mtoto. Tukachora upya. Tangu siku hiyo sipeleki ramani mahakamani kabla familia haijaiona, kama wanataka kuiona, maana wengine hawataki kusikia hata jina na hiyo ni haki yao.

Na jingine ambalo nikilisema kwenye mikutano nazomewa. Waathirika wengi walimfahamu aliyewaumiza, ni ndugu, ni jirani, ni mtu wa kuaminika. Na wengi wanaokamatwa kwa makosa haya hawana rekodi kabisa, jimbo la New York waliangalia miaka zaidi ya ishirini ya ukamataji, utafiti ukatoka 2008, asilimia 95 walikuwa hawajawahi kuhukumiwa kwa kosa la namna hiyo. Kwahiyo wale wangu niliowafungia mafaili ni kipande kidogo, na wewe unayebandika picha ya mteja wangu kwenye nguzo za umeme unaweza kuwa unalala nyumba moja na yule ambaye hana faili. Siku walipobandika hizo picha mteja alikimbia, siku 11 sikujua alipo. Kabla ya hapo nilijua amelala wapi, ana miadi gani, amegombana na nani. Siku 11 watoto wa mtaa ule na wa mitaa mingine yote walikuwa kwenye hatari kubwa kuliko mwezi wowote uliopita, na waliobandika walikuwa wanasherehekea. Hasira zao nazielewa, nina watoto mimi, ila hasira inayonipotezea mtu siitaki.

Kuhusu watoto wangu ntasema kidogo tu. Hii kazi inakula. Kuna kipindi sikuruhusu mtu yeyote awabebe, hata kaka yangu wa tumbo moja, nikawa naangalia kila mwanaume kwenye harusi na kumsoma kama faili. Mume wangu akaniambia unatisha. Nikaanza kuonana na mshauri, naendelea mpaka leo mara moja kwa mwezi, na ofisa mpya akija namwambia hilo kabla sijamuonyesha choo kiko wapi.

Kitu kilichonichukua muda mrefu zaidi kukubali ni kuachia. Huyohuyo Hanson na wenzake mwaka 2014 walionyesha kwamba hata mtu aliyeanza na alama za juu kabisa, kila mwaka anaokaa uraiani bila kosa jipya hatari yake inashuka, na akifika miaka kumi ni mtu tofauti na yule wa siku ya kwanza kwenye makaratasi. Nilikuwa na mzee wa miaka sabini na kitu, miaka tisa hana kosa, bado anaripoti kila wiki kwa sababu hakuna aliyethubutu kusaini kumpunguzia. Kila saa niliyokaa na yule mzee tukiongelea magoti yake niliinyima mtu aliyetoka wiki iliyopita. Nikasaini. Mkono ulitetemeka, siongopi.

Fundi yupo, mwaka wa sita sasa, duara lake lilishaisha rasmi ila mwalimu bado anampigia Jumapili, nadhani hata yeye kazoea. Limbwa lilikufa.

Na mteja wangu wa Jumanne anatoka mwezi wa tisa. Kaandika barua ofisini, mwandiko uleule mzuri, anaomba awe chini yangu tena kwa sababu "madam ananifahamu". Bosi aliniuliza kama nataka apewe mwingine, nikasema hapana, nipe mimi. Nimeshaongea na mama wa yule mtoto, ramani ameichora yeye, na tumepata wanne wa kujitolea, namtafuta wa tano. Fomu ya siku ya kwanza nimeiandaa mezani. Sharti lile la karatasi ya pili nimelihamishia juu kabisa, na chini yake nimechora jedwali la Jumamosi, saa kwa saa, bado halijajazwa.